Kuajiriwa na shule au kufanya kandarasi: mwongozo kwa mtaalamu wa tiba ya usemi Kisumu na magharibi mwa Kenya

Nafasi ya mtaalamu wa tiba ya usemi shuleni, hapa Kisumu na magharibi kwa jumla, mara nyingi haitangazwi gazetini. Inakuja kwa simu. Mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi amesikia habari zako kwa mzazi, au kituo cha EARC, kile cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, kimemwelekeza kwako, naye anakuuliza unaweza kuja lini na unalipisha ngapi kwa mtoto. Wiki haijaisha, shule nyingine inapiga: hii inakutaka Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mshahara. Wote wawili wanataka jibu kabla shule hazijafunguliwa.

Watoto wenyewe si haba. Kuna wenye kigugumizi, wenye usonji, waliozaliwa na mdomo wazi wakafanyiwa upasuaji wakiwa wamechelewa, wenye kupooza kwa ubongo, na wale ambao sikio ndilo lenye shida na hakuna aliyelipima. Kinachokosekana ni fungu la kumlipa mtu wa kuwahudumia. TSC, tume ya walimu, huajiri walimu. Wafanyakazi wengine wa shule ya umma huajiriwa na bodi ya shule, BOM, na bodi hutoa kile ilicho nacho. Ndiyo maana ofa zinakuja kwa sura nyingi, na ndiyo maana lazima ujue kuzipima mwenyewe.

Wengi huanza kwa kuuliza ni nani anayelipa zaidi kwa saa. Mimi ningekusihi uanze kwingine: zile saa ambazo hakuna mtoto mbele yako, ni nani anayezilipa? Saa za kuandika ripoti, za kungoja matatu Luanda, za siku ya michezo, za likizo ya Novemba na Desemba, za malaria. Ukipata jibu la swali hilo kwa kila ofa, nusu ya uamuzi umekwisha kufanyika.

Hatua ya kwanza: jua karatasi uliyopewa ni ya aina gani

Utakachopewa ni kimojawapo kati ya vitu vitatu, na sheria haivitazami sawa.

Cha kwanza ni ajira ya kudumu. Hapa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko upande wako moja kwa moja. Una likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Mama ana miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, baba ana wiki 2. Ukishatumikia miezi 2 mfululizo, ukiugua una angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Anayelipwa kwa mwezi haachishwi bila notisi ya maandishi ya siku 28. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6, na kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6 ni mpaka wewe ukubali. Ukiumia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, WIBA, inamfunga mwajiri kukulipa.

Cha pili ni ajira ya muda maalumu: mwaka mmoja, miaka miwili, au urefu wa ufadhili wa mradi fulani. Muda huo ukiendelea, wewe ni mwajiriwa kama mwingine na haki zote hizo unazo. Tarehe ikifika imefika. Kwa kawaida mahakama hazimpi mtu haki ya kuongezewa mkataba wa muda kwa sababu tu alikuwa akitarajia, kwa hiyo usiupange mwaka wa tatu kwa ahadi ya mdomo. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mikataba chini ya mpango wa UHC, yaani afya kwa wote, mwaka 2020 walikuwa bado barabarani mwaka 2025 wakidai masharti ya kudumu, na hao walikuwa maelfu wenye sauti. Mtaalamu mmoja katika shule moja hana umati wa kuandamana naye.

Cha tatu ni kandarasi ya huduma. Hapa wewe ni mfanyabiashara anayeiuzia shule huduma. Huna likizo ya kulipwa, huna siku za ugonjwa, na boda ikikuangusha kati ya shule ya asubuhi na ya mchana, hospitali ni ya mfuko wako. Badala yake una uhuru: unaweka bei, unachagua siku, unahudumia shule tatu ukitaka. Aina hii wakati mwingine hupitia kliniki inayokupeleka shuleni na kukata asilimia yake. Hilo si baya, lakini uliza mapema shule inailipa kliniki kiasi gani kwa kila kipindi, ili ujue hicho unachopewa ni sehemu gani ya kile kinacholipwa.

Njia ya haraka ya kujua umesimama wapi ni kuuliza watakukata nini. Wakisema PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya ya taifa) na ada ya nyumba, wamekuhesabu mwajiriwa. Wakisema kodi ya zuio ya asilimia 5, ile anayoikata mlipaji kwenye ankara yako, wamekuhesabu mkandarasi.

Halafu kuna mchanganyiko mbaya ambao ningependa uukatae waziwazi. Shule inakupa kandarasi ya huduma, lakini unatakiwa kufika saa moja na nusu kila siku, kusaini rejista, kushika zamu ya chakula cha mchana, kuomba ruhusa ukienda mazishini, na kutofanya kazi kwingine. Hapo umebebeshwa mizigo yote ya mwajiriwa bila kinga hata moja. Wakati wa mzozo mahakama hutazama kazi ilivyokuwa ikifanyika, haikomei kwenye jina lililoandikwa juu ya karatasi, kwa hiyo hoja utakuwa nayo. Lakini kesi ya ajira huchukua muda, na kodi ya nyumba haingoji. Afadhali uliseme kabla ya kusaini: ama niajirini, ama mniachie ratiba yangu.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya kipindi kimoja

Nakuwekea mfano. Namba ni zangu za kuonyeshea njia. Weka zako mahali pake.

Shule A inakuajiri kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. NSSF inachukua asilimia 6, yaani 3,600. SHA asilimia 2.75, yaani 1,650. Ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 900. Makato hayo matatu hutolewa kwanza kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa ni 53,850. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023, ukiondoa nafuu ya 2,400, kodi ni kama 8,540. Mkononi unabaki na takriban 45,300, na zinaingia miezi yote 12, Desemba ikiwemo. Kwa mwaka ni kama 543,700. Juu ya hapo mwajiri ameweka 3,600 zake NSSF kila mwezi karibu na zako, kwa hiyo akiba yako ya uzeeni imeongezeka kwa 86,400 kwa mwaka.

Shule B inakupa kandarasi: 1,500 kwa kipindi, vipindi 5 kwa siku, siku 3 kwa wiki. Kwa wiki ni 22,500. Ukizidisha kwa wiki 52 utapata namba tamu sana, na hapo ndipo watu huumia. Mwaka wa shule wa 2025 ulikuwa na kama wiki 36 za masomo kwa mihula yote mitatu, kabla hata hujaondoa mapumziko ya katikati ya muhula. Vipindi 540, basi. Sasa ondoa watoto wasiofika, siku za michezo, mitihani, sikukuu na mafuriko ya Nyando yanayofunga njia ya Ahero. Mimi huweka kipindi 1 kati ya 6 kuwa kimepotea. Unabaki na 450, yaani shilingi 675,000.

Toa nauli, tuseme 500 kwa siku: 54,000. Toa vifaa na uchapishaji 30,000, na bima ya makosa ya kitaaluma pamoja na simu 20,000. Zimebaki 571,000. Toa SHA na ada ya nyumba, kama 29,000, ambazo sasa unajilipia. Kodi ya mwaka kwa kilichobaki ni kama 71,000. Mkononi una takriban 471,000, na ya uzeeni hujaweka hata senti.

Ofa ya kandarasi iliyoonekana nono imekuwa ndogo kuliko mshahara. Lakini tuitendee haki: Shule B inakuchukua siku 3 tu. Zile siku 2 zilizobaki ndizo zinazoamua hesabu nzima. Kama una shule nyingine ya kuzijaza, au wazazi wa Milimani na Mamboleo wanaotaka huduma ya nyumbani, kandarasi itaipita ajira kwa mbali. Kama utazitumia kuandika ripoti na kutafuta wateja, haitaipita. Andika kwenye karatasi majina ya wateja unaoweza kuwataja leo. Wale wa kutarajia usiwaweke.

Tena angalia pesa zinaingia lini. Muhula wa tatu huisha mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mkandarasi anaingia wiki za Novemba na Desemba bila ankara ya kutuma, halafu Januari inamkuta na karo ya watoto wake mwenyewe, wakati shule nayo ndiyo kwanza inaanza kukusanya. Anayechagua kandarasi atenge sehemu ya kila malipo kuanzia muhula wa kwanza, ikiwezekana kwenye sako ambako kutoa si rahisi kama kwenye simu.

Na uliza mwisho wa mnyororo yuko nani. Katika shule nyingi za kibinafsi, shule haitoi pesa zake. Inaongeza ada yako kwenye bili ya mzazi. Mzazi akilemewa, mtoto anatolewa kwenye orodha yako kimyakimya. Kandarasi inayolipwa na shule yenyewe kwa siku si sawa na ile inayolipwa na mzazi kupitia shule, hata bei zikifanana.

Hatua ya tatu: tembelea shule kabla ya kujibu

Nenda siku ya masomo. Omba uonyeshwe chumba utakachotumia, uingie, ufunge mlango, unyamaze dakika moja. Unasikia jiko? Unasikia darasa la chekechea, PP2, likiimba? Mtoto unayemfundisha kutofautisha s na sh hawezi kujifunza ndani ya kelele hiyo, na mwenye kifaa cha kusikia ndiye anayeteseka zaidi kwa sababu kifaa kinamkuzia kila sauti. Kisha tazama juu. Kama ni mabati bila dari, kumbuka mvua ya Kisumu hupenda kunyesha mchana kuelekea jioni. Ikianza, kipindi kimekwisha. Kwa mwajiriwa hilo ni usumbufu. Anamwona mtoto kesho asubuhi. Kwa mkandarasi wa vipindi ni malipo yaliyopotea na mtoto aliyepotewa na wiki nzima. Omba asubuhi, na uandikiwe asubuhi kwenye mkataba.

Ukiwa hapo, omba orodha ya watoto waliopendekezwa. Mwalimu atakuita kando, "Daktari, na huyu pia hasemi vizuri." Msikilize, kwa sababu walimu huona mengi. Lakini chukua mfano wa mtoto wa Nyalenda anayesema "samba" akimaanisha shamba na "sule" akimaanisha shule. Kijaluo hakina sauti ya sh. Mtoto huyo anatamka Kiswahili kwa sauti za nyumbani kwao, kama anavyofanya baba yake na hata mwalimu wake. Msikilize akiongea Kijaluo, na muulize nyanyake kama anaongea tofauti na nduguze walivyokuwa wakiongea katika umri wake. Nyanya akisema anaelewa kila neno, huyo hana shida ya usemi na hastahili kutolewa darasani mara mbili kwa wiki. Vipimo vingi tunavyotumia vilitungwa kwa watoto wa Marekani na Uingereza, kwa Kiingereza, na ukivitumia Maseno au Mbale bila kuvirekebisha utaandika ugonjwa ambao haupo.

Jambo hili linahusiana moja kwa moja na uamuzi wako. Ukilipwa kwa kila mtoto, kila jina linaloongezwa ni pesa, na kila unayemtoa kwenye orodha kwa sababu amepona ni hasara yako. Sisemi kwamba utadanganya. Nasema mpango wa aina hiyo unavuta mkono, na shule nayo inavutwa kama inaongeza chake juu ya bili ya mzazi. Kwa sababu hiyo naamini mkandarasi wa shule alipwe kwa siku. Siku ikishalipwa, unaweza kumwondoa mtoto aliyepona na kuitumia nafasi yake kukaa darasani na mwalimu, bila kuogopa mwisho wa mwezi.

Angalia pia kama shule ina mwalimu wa elimu maalumu. Yeye ndiye atakayeendeleza kazi yako siku ambazo haupo, na ndiye anayeandika mpango binafsi wa mtoto, ule walimu wanaouita IEP. Mkandarasi wa siku moja kwa wiki katika shule isiyo na mtu kama huyo atarudia somo lilelile hadi Agosti.

Hatua ya nne: jiulize uko wapi kazini

Aliyemaliza masomo juzi ningemshauri atafute ajira, hata kwa pesa pungufu kidogo, mahali ambapo kuna mtaalamu mwenzake au timu: hospitali ya kaunti, kituo kikubwa, au shule maalumu yenye mtaalamu wa tiba ya viungo na wa tiba ya kazi. Mkandarasi hana wa kumuuliza. Mtoto anapokabwa na uji mbele yako kwa sababu misuli ya koo haimezi sawasawa, hutaki iwe mara yako ya kwanza na uko peke yako. Mwenye uzoefu, anayejua kutathmini bila kuongozwa, ndiye anayefaidika na uhuru wa kandarasi. Katika hali zote mbili jiunge na chama cha wataalamu wa tiba ya usemi na lugha cha Kenya, maana huku magharibi mwenzako wa karibu anaweza kuwa kaunti mbili mbali.

Na kama unapanga kupata mtoto ndani ya miaka miwili ijayo, rudia hesabu ya hatua ya pili ukiwa umeiweka miezi 3 isiyolipwa upande wa kandarasi.

Hatua ya tano: jadiliana, na uandikishe

Watu wetu huona haya kuzungumza pesa na mwalimu mkuu. Heshima haiondoki ukiuliza vizuri. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, nashukuru kwa nafasi hii. Kabla hatujaandika, nikifika nami nimeshatoka Kisumu na mtoto hayupo, siku ile tunaihesabu vipi?"

"Si tutalipa tu waliokuja, Daktari?"

"Ningependa tulipane kwa siku, Mwalimu. Mtoto mmoja akikosa, ule muda nitamtazama mwingine au nitakaa na mwalimu wa darasa lake. Na siku shule haitakuwa na masomo, nikiambiwa siku mbili kabla, sitadai kitu."

Walimu wakuu wengi wakielezwa hivyo huelewa, kwa sababu wanaona shule nayo imefaidika. Likishakubaliwa, liandikwe. Kwa kandarasi hakikisha haya yamo: malipo kwa siku; muda wa kulipa baada ya ankara (kuomba ulipwe ndani ya siku 14 si kudai kikubwa); saa za kuandika ripoti na za kukutana na wazazi, zihesabiwe ndani ya siku; chumba na muda wa asubuhi; notisi ya kuvunja, isiyopungua mwezi na isiyoangukia katikati ya muhula kwa hiari ya upande mmoja. Vifaa ulivyonunua viandikwe kwamba ni vyako. Pia mlango uwe na kioo au mtu mzima mwingine awe karibu wakati wa vipindi. Hilo la mwisho linamlinda mtoto na linakulinda wewe.

Mwenzangu mmoja alifanya muhula karibu mzima katika shule ya kibinafsi kwa makubaliano ya mdomo. Wiki ya mitihani aliambiwa asirudi, na malipo ya mwezi wa mwisho yakawa "tutaangalia". Angekuwa na karatasi iliyosainiwa, angeipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000 na inatakiwa na sheria kuyamaliza ndani ya siku 60. Mahakama hiyo ndiyo njia ya mkandarasi. Mwajiriwa huanzia ofisi ya leba, na kama haikutatuliwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Kisumu.

Kwa ajira, vita ni vingine. Mshahara ukishakubaliwa, kinachokula kazi yako ni darasa lisilo na mwalimu. "Daktari, tushikie Gredi ya 2 leo." Kesho tena. Mwishoni mwa muhula umefundisha Hisabati na watoto wako wa kigugumizi umewaona mara tatu. Kwa hiyo barua yako ya ajira itaje idadi ya juu ya watoto utakaowahudumia na iseme kwamba vipindi vya tiba havibadilishwi kuwa vya darasa ila kwa dharura. Iseme pia likizo yako ya mwaka inaanguka lini, kwa sababu shule nyingi huihesabu ndani ya likizo za wanafunzi bila kukuambia, halafu zinakuita kazini wiki hizohizo. Uliza fungu la vifaa kwa muhula. Na kama unataka kuwaona watoto nyumbani siku za Jumamosi, omba ruhusa hiyo kwa maandishi mwanzoni, wakati bado wanakutaka.

Mkataba wa ajira wa miezi 3 au zaidi lazima uwe kwa maandishi. Hiyo ni sheria.

Hatua ya sita: karatasi za mkandarasi

Mwajiriwa anakatiwa kila kitu, kazi yake ni kuwasilisha ritani ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya Juni 30. Mkandarasi ana zaidi. Jisajili eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu shule inayotunza vitabu vyake itakudai ankara ya huko. Malipo ya mwezi yakifika 24,000 au zaidi, shule inakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako; fuatilia cheti chake kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kila mwezi, maana bila cheti pesa hiyo haitahesabiwa kwako. Asilimia 5 si kodi yako yote. Katika mfano wetu wa Shule B, kodi ilikuwa kama 71,000 na zuio lilikuwa 33,750. Salio la 37,000 na ushee linatakiwa kufikia Aprili 30. Likizidi 40,000, utaingia kwenye malipo ya awamu ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Lipa SHA yako ya mwaka mapema, na uweke NSSF ya hiari hata kama ni kidogo.

Rekodi za watoto ni habari za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi kabla ya tathmini, na uulizie ofisi ya Kamishna wa Data kuhusu kujisajili, kwa kuwa unashughulikia afya na watoto.

Hatua ya saba: kama unaweza, changanya

Mpango ninaoupendekeza zaidi kwa mwenye uzoefu wa miaka michache, kwa mazingira yetu, ni ajira ya siku 3 katika shule moja na kandarasi ya siku 1 au 2 kwingine. Sheria haikatazi mwajiriwa kufanya siku chache, mradi mkataba useme. Ile shule moja inakupa NSSF, likizo na mshahara wa Desemba. Ile ya kandarasi inakupa pesa za ziada na watoto wa aina nyingine.

Chagua shule zilizo kwenye barabara moja. Kisumu, Maseno, Luanda ni mstari mmoja wa matatu. Ahero asubuhi na Kakamega mchana ni kujimaliza, na saa za matatu hakuna anayezilipa. Siku za kandarasi ziwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ijumaa wa bweni huanza kuwaza nyumbani na shule hufunga mapema, na Jumatatu ndiyo huliwa na gwaride na sikukuu zilizosogezwa.

Hatua ya nane: panga jinsi ya kuondoka kabla hujaingia

Ajira huisha, kandarasi huisha, na watoto hubaki. Mkubaliane tangu mwanzo faili zitabaki wapi. Mimi nashikilia kwamba nakala ya ripoti ibaki shuleni kwenye kabati lenye kufuli, nakala nyingine iwe ya mzazi, na maandishi yako ya kazi uyahifadhi wewe. Mzazi akihama kutoka Kondele kwenda Bungoma, aende na karatasi inayosema mtoto alianzia wapi na amefika wapi, ili mtaalamu wa huko asianze upya.

Weka wiki 2 za makabidhiano ndani ya mkataba, zenye malipo. Katika wiki hizo keti na mwalimu wa elimu maalumu na kila mtoto kwa zamu. Mwonyeshe zoezi analofanya sasa, neno analokwama, na ishara anayotumia akitaka maji. Kama hakuna mwalimu wa aina hiyo, keti na mama au nyanya. Na kama unaondoka mwisho wa muhula wa tatu, mpe kila mzazi zoezi moja la nyumbani linalotosha hadi Januari, uandike kwa lugha anayoisoma, na umwache alifanye mara moja mbele yako kabla hajaondoka na mtoto.